Ukurasa wa Sitini na Moja

Tandala, Julai, saa nne za usiku.
Umeme umelala kabla yangu.
Nasahihisha kwa taa ya simu,
miguu ndani ya beseni la maji moto,
na kalamu nyekundu, wino umeganda, naipumulia
kama mtu anayeamsha makaa.

Swali la tatu: mchambue Mzee Kidulile
kama mhusika, kisha uoneshe dhamira anayoibeba.
Madaftari arobaini na mawili yanajibu kwa sauti moja:
Ni mlevi. Ni mkatili. Ametelekeza familia.
Ni mhusika bapa. Si mfano wa kuigwa katika jamii.
Vema, vema, vema, alama zangu zinateremka kurasani
kama mbuzi wanaoijua njia ya zizini.
Mimi ndiye niliyewafundisha.
Mimi ndiye niliyeandika ubaoni, kwa herufi kubwa,
BAPA, nikapiga mstari chini yake
mpaka chaki ikakatika.

Halafu daftari la Yusta Tweve,
jalada la mfuko wa sukari, harufu ya moshi na pareto.

"Mzee Kidulile si mkatili.
Usiku ule wa kuondoka aliosha vikombe vyote,
hata kile asichokinywea.
Akafunika maziwa kwa sahani, akaweka jiwe juu yake,
paka asije akayapata.
Akahesabu hela, akaacha nyingi, akachukua chache.
Viatu alivishika mkononi, akavivalia nje kwenye baridi,
ili sakafu isiseme.
Mtu asiyewapenda watu wake
haogopi kuwaamsha.
Rejea ukurasa wa sitini na moja."

Nikatoa miguu kwenye beseni.
Nakala yangu ni nzima,
niliinunua Njombe mwaka nilioajiriwa.
Sitini na moja: hamna kikombe. Hamna sahani wala paka.
Kidulile analewa, anapiga teke mlango, anakwenda.
Mistari minne tu. Mwandishi alikuwa na haraka
ya kufika mjini.

Mwongozo wa kusahihishia hauna kigugumizi:
hoja isiyotoka kitabuni, sifuri.
Nikaandika pembeni, Umeyatoa wapi haya?
Safari hii wino ulitoka bila kupuliziwa.

Asubuhi sakitu imelala juu ya viazi,
majani meusi kana kwamba yameungua.
Yusta amesimama ofisini,
mikono imejificha ndani ya mikono ya sweta.
Akanipa kitabu cha shule,
kile wanachokisoma watoto sita,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa kiroba.
Sitini. Kisha sitini na tano.
Katikati, meno ya karatasi.

"Kuna waliowashia moto, mwalimu,
kabla sisi hatujafika kidato cha tatu.
Sisi tulikuta ameshaondoka.
Nikasema, lazima aliondoka kwa namna fulani."

Na vikombe?

Akatazama dirishani, upande wa barabara
ambako malori ya mbao hupita kabla hakujakucha.
"Vikombe niliviona," akasema.
"Nilikuwa macho."

Kengele ikalia, akakimbilia hesabu.

Swali la tatu lina alama ishirini.
Kisanduku cha Yusta ni kitupu, wiki ya pili sasa,
na mkuu wa shule ameshaulizia matokeo, mara ya kwanza kwa utani.
Neno lile ubaoni nimelifuta kwa kiganja;
halitoki lote, ukikaa upande wa dirisha
bado unaliona.
Jana nikaazima kitabu cha watoto sita.
Nikasoma mpaka sitini,
kisha nikapita juu ya meno yale ya karatasi
taratibu,
viatu mkononi.