Chini ya Beji

Mashine hii haijui kusoma.
Ukiipa nanga hushona nanga, ukiipa simba hushona simba,
mishono elfu nne na mia mbili
kwa kipande kisichozidi kiganja cha mtoto.
Kazi yangu ni kuchunga:
kitambaa kisilegee ndani ya fremu,
karatasi ya nyuma isijikunje,
bobini isiishe katikati ya herufi.

Tuko Mtaa wa Biashara, juu ya muuza leso.
Wateja wa chini husomeana majina kwa sauti,
hucheka, hurudisha, huchagua tena,
nami huku juu navuta uzi wa dhahabu ambao si dhahabu.

Bibi yangu alishona kofia za vito kwa mkono,
kofia moja, miezi miwili.
Angeiona sindano hii inavyodunda
angeniuliza: na roho yake iko wapi?
Iko kwenye stima, bibi.
Stima ikipotea nanga hubaki nusu,
na ikirudi, sindano haikumbuki vyema ilipoachia.
Hukosea kwa upana wa uzi mmoja. Mimi nauona.
Kipande hicho huenda kapu la makosa.

Kisha ukingo, uzi mnene uliosongana
kama taraza, nyuzi za ndani zisitoroke.
Kisu cha moto hukata, chumba hunuka nywele zilizoungua.
Mgongoni, gundi ya pasi kwa wenye haraka,
velkro kwa wanaobadilika-badilika.
Wanaotaka ya kudumu nawashonea mwenyewe,
rangi kwa rangi, kwenye bonde la ukingo,
uutafute mshono usiuone.

Mwaka juzi nilishona mia na ishirini za walinzi:
tai, ufunguo mdomoni.
Jana mmoja wao akapanda ngazi, Katana Ngumbao,
shati mkononi, limefuliwa, limepigwa pasi.
"Kampuni imefunga, dada. Miezi mitatu hatujalipwa.
Niondolee huyu ndege."

Sikumwambia ni nani aliyemfunga pale.
Kuibandika beji ni dakika nne.
Kuifumua, nusu saa na wembe,
nikiulaani mkono wangu kwa bidii yake.

Ilipong'oka, chini yake shati lilikuwa jipya,
samawati ya siku ya kwanza, umbo la ngao.
Kwingine kote jua la lango la Shimanzi limekula.
"Hilo doa halitoki?"
"Si doa. Hiyo ndiyo rangi yake.
Iliyotoka ni hii nyingine."
Akanyamaza. Akapitisha kidole pale, polepole,
kama apimaye homa ya mtoto.

Nikamsogezea kapu: simba asiye mkia,
herufi za shule zilizopinda.
Alivigeuza kimoja kimoja, akitazama migongo,
kule nyuzi zinakopigana.
Akatoa nanga.
"Hii imekuwaje?"
"Stima ilipotea."
Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.
"Basi hii ni ya kwangu."

Nilimtoza bei ya uzi.
Akashuka amelivaa, nusu nanga kifuani,
na chini bado wanazozana leso ipi imsute nani.

Leo kuna oda mpya. Beji themanini, walinzi wengine,
ndege mwingine.
Nazibandika kwa mshono mrefu kidogo.
Mwenye oda hatajua.
Mwenye wembe atajua.