Nchi ya Asili

Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva.
Mayai saba. Niliyahesabu kwanza,
ndipo nikahesabu spoki: kumi na mbili kila gurudumu,
za mti, si za chuma.
Mama Wanjugu akasema: Ukitaka mzoga, beba.
Kiti waachie wenyewe.
Basi kiti kilibaki Elburgon,
nami nikashuka Nakuru na yaliyosalia
juu ya lori la karoti, nimekumbatia usukani
usioshikana na kitu.

Mnunuzi ni daktari wa meno. Aliniachia fomu.
Mtengenezaji. Mwaka. Nchi ya asili.
Mistari mitatu, mifupi kama meno ya utotoni.

Nikaanza na rangi.
Juu kijani, ile ya makopo ya shamba,
chini yake nyekundu, chini yake nyeusi,
chini ya nyeusi kijivu kisicho na jina,
halafu shaba: kibati kipana kama vidole viwili,
herufi zimelika kama sabuni ya familia kubwa.
Nikatandaza karatasi, nikalaza penseli, nikasugua.
Zikachomoza mbili na nusu:
R, kisha O, kisha mgongo wa kitu,
huenda B, huenda D,
huenda kovu la msasa wangu mwenyewe.
Na kwenye injini, 317.
Mia tatu kumi na saba kati ya ngapi?

Niliandika barua.
Lyon wakajibu: si letu.
Coventry wakajibu: yawezekana si letu.
Torino bado wanafikiri.
Obunga, kijana wangu wa gereji, akauliza
huku akilamba mafuta ya samaki kidoleni:
Likishajua kwao, litakimbia zaidi?

Kibigori, stesheni imelala, ila mlinzi ana ufunguo wa kabati.
Mchwa walilila daftari la mizigo kwa adabu,
pembeni tu, katikati wakatubakizia
mstari wa wino wa zambarau:
Sanduku moja. Gari lisilokokotwa.
Limepokewa bila magurudumu.

Bila magurudumu.
Nilirudia kwa sauti. Mlinzi akacheka:
Sasa lilifikaje Elburgon, kwa maombi?

Londiani, Maritim anayefundisha miti
alichukua kibanzi changu cha spoki,
akakilowesha kwa mate, akakinusa macho yamefumba.
Mutamaiyo, akasema.
Umekatwa huku huku. Pengine kwenye kilima kile,
na akanionyesha kilima,
na kilimani sasa pana mahindi.

Kibos, Surjit Kaur alifuta miwani kwa ncha ya mtandio.
Daftari la babu yake mhunzi, la Kipunjabi,
alilisoma kidole kikitangulia, sauti ikifuata:
Magurudumu manne, ya bwana wa Molo.
Mti ameleta Arap Tuwei.
Chuma, kutoka reli iliyopinda.
Malipo, ndama mmoja, naye mgonjwa.

Nikasahau gari.
Ndama alikufa?
Akafunua kurasa, akafunua, nje treni ya mizigo ikapita yote,
ndipo akatabasamu:
Alipona. Maziwa yake yamejaza madaftari mawili.

Sasa fomu iko mezani, chini ya spana kumi na saba.
Daktari amepiga simu mara tatu; bei, anasema, hufuata jina.
Mwaka nimeuandika kwa penseli.
Kwenye nchi ya asili pana nafasi ya neno moja.
Nimeandika, nimefuta,
nimeandika jingine, nimefuta,
hadi karatasi imeanza kuonyesha meza.

Unaandika nini? Obunga ananiuliza.
Zungusha hendeli, namwambia.
Akazungusha. Kimya.
Akatemea viganja, akazungusha tena kwa kiuno,
na chuma kile, ambacho sijui kilizaliwa wapi,
kikakohoa mara moja
na kutoa, kwenye bomba la moshi,
unyoya mweupe wa kuku.