Kipimo cha Fundi

Mtaa wetu unaitwa Ziwa la Ng'ombe.
Nilipotoa arubuni ilikuwa kaskazi, vumbi hadi kwenye kope,
sikuuliza ziwa lenyewe liko wapi.
"Jina tu hilo," alisema dalali.
"Kwani watu wa Maweni wanakula mawe?"
Nikacheka. Nikahesabu noti.

Novemba, saa nane za usiku,
ziwa likarudi kwake.
Halikupiga hodi. Lilijipenyeza chini ya mlango,
likaokota viatu vya Mbodze kimoja kimoja,
likaubeba mtungi wa gesi kama mtoto wa jirani,
kisha likakaa kwenye kiti changu, mbele ya cherehani.
Dera ishirini na mbili za harusi ya Kongowea,
na kanzu ya bwana harusi
iliyokuwa imebaki vifungo tu.

Nilikuwa na bima. Wallahi nilikuwa nayo.
Kila tarehe tano, shilingi mia sita kwa simu,
na ujumbe wa kunishukuru kwa jina langu lote,
Umazi Ngoka, mteja wetu mpendwa.

Siku ya kumi na mbili akaja Bwana Shekuwe,
mkaguzi, buti zake safi.
Alikuwa na swali moja:
"Maji yaliingilia juu au chini?"

Ukurasa wa saba, akanionyesha.
Yakivuja darini, wanalipa.
Bomba likipasuka, wanalipa.
Lakini yakitembea barabarani kwa miguu yake
yakaingia mlangoni kama mgeni,
hayo si maji tena, ni mafuriko,
na mafuriko yana mkataba wake na ada yake.
Sikuambiwa.
Au niliambiwa, kwa herufi kama mayai ya chawa.

Bi Rukiya akanifinya kiuno:
ng'oa bati moja, sema ni paa.
Ngazi ilikuwapo. Bati lenyewe lilishalegea.
Yule bwana alikuwa akiutazama ukuta,
mstari wa matope umenyooka
kama pindo nililolishona mwenyewe.
Nikavua futi shingoni.
Inchi thelathini na moja.
Akaandika. Hatukutazamana.

Hawakulipa.

Tangu siku hiyo ninapima.
Kwa Bi Rukiya, thelathini na nne.
Kwa Odera wa viatu, ishirini na tisa,
ila anasema choo chake ni shimo jingine, nisikitie hesabuni.
Ngazi ya msikiti, kumi na mbili.
Kwa mwenye nyumba, kule juu kwenye kokoto, hakuna kitu,
na ndiye peke yake mtaani mwenye ile bima nyingine.
Naandika yote katika daftari la oda,
mlemle mwa kifua, kiuno, nyonga,
ukurasa mmoja nyumba ya mtu, ukurasa mmoja gauni lake.

Nikaenda ofisi za kaunti. Ati kuna ramani.
Kijana akafungua kompyuta: Tudor ina buluu,
Mikindani ina buluu, kwetu kweupe
kama hakuna aliyewahi kulala hapo.
"Hamjapimwa, mama."
Nikamwekea daftari mezani.
Alifungua, akaona sketi ya mtu, akacheka,
akafungua tena, akanyamaza.
Alipiga picha kurasa nne. Sijui amezipeleka wapi.

Januari mwenye nyumba akaleta mpaka rangi.
Nikamwambia paka, baba, paka upendavyo,
ila hapa niachie upana wa kiganja.

Chumba cha pili kimepata mpangaji,
msichana kutoka Kaloleni, mtoto mgongoni,
godoro bado lina nailoni.
Alikuja kuomba kiberiti, akauona ukuta.
"Huu mstari ni wa nini, dada?"

Nikaacha kushona.
"Mteremshe mtoto," nikamwambia.
"Msimamishe hapa."
Nikaivua futi shingoni.