Wiki Nzima Hewani

Kitabu kilisahaulika chumba namba tisa,
chini ya kitanda cha mgeni Mwitaliano,
pamoja na kifuko cha dadu, moja ina pande ishirini.
Mapokezi wakangoja miezi mitatu. Hakuna aliyepiga simu.
Nikakibeba nyumbani Maweni ndani ya ndoo ya sabuni.

Kiitaliano chetu ni cha kumuuliza mgeni kama atakula samaki,
si cha majoka na uganga. Tukasoma hivyo hivyo,
kidole chini ya neno, Jumatatu hadi Jumatatu,
na palipokuwa na sheria za kuanguka
mchwa walishatangulia, ukurasa mzima,
wakaacha namba chini na picha ya nusu ngazi.

Basi usiku ule Tsuma, anayetengeneza friji mchana
na usiku ndiye mwenye mchezo, sauti ya kila adui,
akasema: "Jitu linakusukuma. Mnara ni futi mia mbili."
Mpiganaji wangu, Radi, akatoka ukingoni.

Nikasema, zamu yangu yaja, nina kamba mkobani.
Famau akasema, ni mimi ninayefuata, nilitupa kumi na saba,
nina uganga wa unyoya, ningojeni.
Mbodze, anayehesabu hata sukari ya chai, akauliza:
"Raundi moja ni sekunde ngapi?"
Sita.
"Na sisi watatu na jitu, kila mmoja ana sita zake?"
Hapana. Ni sita zile zile. Wote tunapigana kwa pamoja,
ila masikio ya Tsuma ni mawili tu,
ndiyo maana tunapanga foleni kama bombani.

"Basi foleni ni uongo," akasema Mbodze.
Hakuna aliyemjibu.

Famau akapanda ghorofa ya jirani isiyokwisha kujengwa,
akaachilia kandambili. Nikahesabu.
Sijamaliza kusema mo—
pa! Mbwa wa watu akatoka mbio.

"Umeona," akasema Tsuma, "kuanguka hakupangi foleni."
"Kandambili haina zamu," Famau akajibu kutoka juu. "Radi anayo."
Hapo ndipo tokeni ya stima ilipoisha.

Nikakaa hewani wiki nzima.

Asubuhi nilirusha shuka juu ya kitanda, namba tano, namba sita,
likavimba, likatulia pale kidogo kama linalofikiri,
kisha likashuka pembe moja moja.
Nikaanza kulihesabia. Shuka la watu wawili: tatu, karibu nne.
Radi angefanya mangapi humo ndani?
Msimamizi akauliza kama naumwa.
Nikamwambia nimesukumwa, bado sijafika chini.

Jumatatu Tsuma alikuja na gundi na karatasi ya daftari,
akaibandika palipoliwa, akaandika kwa Kiswahili:

Anayeanguka haulizwi zamu. Anafika papo hapo,
kabla ya yeyote kufungua mdomo.
Aliye karibu anaweza kunyoosha mkono, mara moja,
hata kama si zamu yake.

"Nani alikuwa karibu?" Tukatazama vifuniko vya soda mezani.
Famau, miraba miwili. Akarusha ile ya pande ishirini.
Nne.
Akaitazama kana kwamba imemtukana mamake.

Dadu ishirini za pande sita, ndivyo nilivyodaiwa. Tulikuwa nazo tatu,
na moja ya ludo ya mtoto wa Mbodze.
Tukarusha mara tano. Mbodze akajumlisha kichwani:
sitini na nane. Uhai wangu ulikuwa sabini na moja.

Jitu likacheka kwa koo la Tsuma. Famau akacheza, hakunitazama.
Kisha: "Radi. Zamu yako. Uko chali."
Na kusimama, hilo mchwa waliliacha,
kunakula nusu ya mwendo wako.

Nikasimama.
Nusu iliyobaki nikaenda nayo ngazini.