Ukuti Katika Juzuu

Masika yale yalianza usiku wa Jumatatu,
yakanyesha mpaka vyura wa Wingwi wakachoka kulia.
Alhamisi, baada ya alasiri, ukuta wa chuo,
wa mawe na udongo, uliosimama tangu babu yangu hajaota ndevu,
ukakaa kitako
kama mtu aliyechoka.

Watoto thelathini na mmoja walikuwa ndani.
Ishirini na tisa walitoka na tope kichwani.
Wa thelathini, Hadia, alitolewa na mguu uliovunjika.
Wa thelathini na mmoja ni wangu.

Makame. Miaka tisa. Jino la mbele lilimtoka juzi yake,
akalirusha juu ya bati, akawaagizia kunguru jipya.
Mpaka leo likinyesha kubwa
nasikiliza kama litateremka.

Niliswali, ndiyo. Nani Wingwi haswali?
Niliinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka.
Ulimi ulizunguka palepale, punda wa kinu,
ukisaga pasipo na ufuta.
Watu walisema, "Kazi ya Mungu, Raya,"
nikawamiminia kahawa.
Moyoni nikasema: kazi yake ina mkono mzito.
Kisha nikaogopa, nikaenda kutia udhu upya.

Siku ya arubaini Maalim Faki alisimama mlangoni.
Hakubisha hodi, alisimama tu.
Nilimwona kwa upenyo wa dirisha,
nikamwacha mpaka kofia ikalowa ikamshuka masikioni.

Aliyeingia ni Hadia, na gongo lake la mpera.
Mkononi juzuu ya Makame,
imevimba kwa maji, imekaushwa juani, imekuwa nene kama mkate.
Ndani yake ukuti aliokuwa akifuatia herufi,
umelala katikati ya mstari.
"Hapa ndipo alipofika, mama."

Nikatazama. Sisimizi weusi wakienda safari.
Mimi nilitolewa chuoni na miaka saba,
kwenda kuamia ndege kwenye mpunga wa baba.
Nilichokijua nilikijua kwa kusikia,
kama mtu ajuaye nyumba kwa sauti za ndani
na mlango hajauona.

"Nisomeshe," nikamwambia. "Anzia hapo kwenye ukuti."
Akatikisa kichwa. Watoto wa chuo wana sheria zao.
"Mwanzo ni alifu."

Basi alifu. Be. Te.
Kila baada ya magharibi, kibatari kati yetu,
mguu wake umenyooshwa juu ya mto wa mwanangu.
Alinichapa vidole kwa ukuti mwingine nilipokosea
na mimi nikaukunja mkono kama mtoto.

Usiku mmoja akasema, "Vuta hapo, mama. Hiyo madda."
"Nivute mpaka wapi?"
"Vuta tu."
Nikavuta.
Ikatoka aa ndefu, ikapita pale inapopaswa kukoma,
ikatoka nayo ile ambayo siku ya jeneza
ilinikwama hapa, chini ya koo,
wanawake wakanisifu, "Ana subira."
Ilitoka yote. Kibatari kiliyumba.
Hadia hakucheka. Alifuta ukurasa kwa ncha ya mtandio,
taratibu, wino usichuruzike,
akasema, "Hiyo ni ya nne tu. Wewe umevuta kumi."

Isha ya usiku ule niliswali polepole.
Maneno yaleyale, lakini kila moja lilikuwa na kizingiti,
na mimi nilikuwa naona ninapokanyaga.
Nilimuuliza Mungu swali langu. Bado namuuliza.
Sijajibiwa.
Ila zamani niliuliza nikiwa nje, mvuani.

Asubuhi nilikwenda kwa Maalim Faki.
Alikuwa anaparura magome ya mihogo, hakuinua macho.
Nikamwambia: ukumbi wangu, nikiondoa masufuria na kitanda kimoja,
unaenea watoto thelathini.
Kisu kikamwanguka.

Sasa wanakuja, wanapiga kelele, wanamaliza maji ya mtungi.
Mimi nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango,
na ile juzuu nene.
Niko kurasa mbili nyuma ya ukuti.
Hadia ananihimiza.
Naenda taratibu.
Sitaki kumpita.