Mita Saba

Kazi yangu ni kushika mwisho wa utepe.
Mpimaji Naliaka hushika mwanzo,
na kati yetu wawili ndipo hujulikana
hiki ni cha nani na kile si chake.

Jumanne hiyo tulishukia Kayole, nyuma ya soko la mitumba.
Jiji lilikuwa limeamka,
limekumbuka ghafla kwamba watoto wana miguu.
Barua ilikuwa na muhuri:
ekari kumi na mbili na nusu,
kiwanja cha umma cha riadha,
bei imeafikiwa, mwenye ardhi asubiri hundi.

Mwenye ardhi hatukumwona.
Mwenye ardhi ni jina la kampuni
na nambari ya sanduku la posta.

Tuliyemwona ni Mama Syombua, muuza uji,
akikoroga sufuria, akicheka kwa pua.
"Mnanunua? Hii ilikuwa ya shule.
Hapa tulikunywa maziwa ya Nyayo,
hapa nilishinda mbio za magunia, nikapewa kikombe cha bati.
Halafu tukaamka siku moja, pameota ua wa mabati.
Sasa niambieni, nyinyi wenye vitabu:
mwewe akinyakua kifaranga,
siku hizi hulipwa nauli ndipo amrudishe?"

Naliaka hakujibu. Alifuta kioo cha darubini yake
mara mbili, mara tatu,
na kilikuwa safi.

Tukatafuta vigingi.
Cha kwanza kilikuwa chini ya kibanda cha sungura.
Cha pili kimegeuzwa kiti, kimeng'aa kwa makalio ya miaka.
Cha tatu kimemezwa na maji taka.
Cha nne tulikikisia, Mungu atusamehe.

Ndani: matuta ya sukuma, karatasi za nailoni,
mbuzi wasio na mwenyewe mpaka umguse mmoja,
na lori lililokufa, halina hata usukani.
Na kuvizunguka vyote hivyo, njia.
Nyembamba, nyeupe, ngumu kama kisigino,
imepinda huku, imenyooka,
ikapinda kule, ikarudi ilikotoka.

"Nani amechora hii?"
"Sisi," akasema Abdirizak, jezi haina namba.
"Kwa nini?"
"Kocha alisema mzunguko ni mia nne. Tukahesabu hatua."
"Kocha yuko wapi?"
Wakamsukuma mbele Kavata,
miaka kumi na minne, ndara mkononi,
vumbi limempanda hadi magotini kama soksi.

Barua haikututuma kupima njia ya watoto.
Naliaka alinitazama tu.
Nikaushika mwisho wa utepe, nikaanza kuzunguka,
jua la saa sita likinikaanga kisogo,
msururu wa watoto nyuma yangu
kama tunapeleka posa.
Kwenye kona tulipima kidogo kidogo,
kwa maana utepe haujui kupinda,
na wao wakanyamaza, hata yule mwenye kikohozi.

Mita mia tatu tisini na tatu.

Kavata akakunja uso kama aliyeanguka mtihani.
"Ni lori," akasema.
"Pale kwa lori huwa tunakata kona."
Akaligeukia, akalitazama
jinsi mtu anavyomtazama mdeni wake.

Jioni, ndani ya gari la kazi,
Naliaka alijaza fomu juu ya paja.
Ukubwa. Mipaka. Thamani.
Hundi itaandikwa, najua,
na kuna mtu asiye na uso atakayekula mara ya pili
sahani ile ile.
Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na njaa,
sikujua ipi ni ipi.

Kisha akafika kwenye mstari ule:
matumizi ya ardhi kwa sasa.
Mahali hapo, miaka tisa nimefanya naye kazi,
huandika neno moja tu: tupu.

Akalamba ncha ya kalamu, tabia yake mbaya,
akaandika taratibu, gari likirukaruka kwenye mashimo:

Uwanja. Umepungua mita saba.