Sauti Bado

Kompyuta hii tuliinunua Mwanjelwa
kwa mtu aliyekuwa na haraka.
Herufi H haipo, pamebaki shimo;
ukitaka kuandika "baba hajambo"
unachokonoa kwa njiti ya kiberiti.

Windows yake ilikuwa mkorofi:
kila asubuhi inadai leseni
kama trafiki wa pale Uyole,
nayo leseni sina, na cha kumpoza sina.
Julai ikaganda moja kwa moja.

Gwakisa, anayesoma Iyunga,
akaja na flashi kaificha ndani ya soksi, mvua isiione,
akafuta kila kitu, akaweka Linux
kama mtu anayeng'oa pareto apande viazi.
Ikaamka nyepesi. Haidai chochote.
Haimjui yeyote.

Baba, kutoka kitandani: "Na lori langu?"

Lori lake ni gemu.
Sidii aliinunua Tunduma, kwenye foleni ya siku nne,
mwaka mmoja kabla breki hazijamkana
kwenye mteremko wa Iwambi.
Goti la kulia halikunji tangu hapo.
Lakini jioni, kwa vidole viwili,
mshale wa juu, mshale wa kushoto,
alikuwa anafikisha mzigo.

Gemu ya Windows. Ndani ya Linux inagonga mlango,
inaita majina ya watu
wasioishi nyumba hii.

"Kuna mkalimani," akasema Gwakisa.
"Anaitwa Wine. Yaani divai."
Mama, mzee wa kanisa, akainua uso kutoka kwenye ungo:
"Divai? Kwenye kompyuta ya mtoto?"

Nikamweleza kwa njia anayoijua.
Mama, si wewe wanayekuita wodini
bibi wa milimani akija na Kisafwa chake
na daktari ana Kiswahili cha Dar?
Bibi anasema, moyo wangu unapanda mlima;
wewe unamwambia daktari, anahema akitembea.
Hakuna aliyejifunza lugha ya mwenzake
na dawa inapatikana.
Basi gemu ikisema, Windows, nipe mahali pa kuchora barabara,
divai inageuka, inaomba kwa Kilinux,
inarudi na mahali,
na gemu haijui kamwe kwamba imehama.

Akapepeta kidogo.
"Na neno likikosekana?"

Likakosekana.
Usiku wa kwanza, kioo cheusi.
Wa pili, faili moja haipo,
na hiyo moja ilikuwa na ukoo mzima.
Nikawa nasubiri bando la saa sita,
blanketi mabegani, vidole havinitii,
nawavuta ndugu zake mmoja mmoja
kwa mtandao unaokuja na kuondoka na upepo.
Usiku wa tano lori likatokea
limepinduka, barabara iko juu,
magurudumu yanasukuma mawingu.
Baba akacheka mpaka akashika goti.
"Hilo nimeshaliendesha."

Jumamosi, ukungu bado umelalia viazi vya jirani,
lori likasimama kwa magurudumu yake:
jekundu, taa zinawaka, mbao nyuma
zimefungwa kamba kama za Mafinga.
Ila kimya. Nikabadili hiki, nikabadili kile.
Mama akauliza kama mkalimani ni bubu.
"Sauti bado, baba. Nipe mpaka kesho."

Hakunisikia. Mguu mzima
ulishakanyaga simenti,
ule mwingine umenyooka juu ya kigoda,
na midomo ikaanza yenyewe,
kwanza chini, rrrr, gia ya kwanza,
akameza mate, akabadili, rrrrRRR,
na penye mteremko, tsss,
tsss, breki za upepo,
zote zinashika.